Waya Mwekundu Kwenye Kikapu cha Bibi

Baada ya arobaini ya Bibi, wanawake wa ukoo walikaa ukumbini wakagawana vitu vyake: kanga kwa huyu, sufuria kwa yule, kinu kwa aliyekuwa na nguvu ya kukibeba. Mimi nilichelewa kufika, kama ninavyochelewa kila mahali, nikakuta kimebaki kikapu chake cha ukili, kile alichokuwa akiwekea vitu vya kusukia mikeka. Hakuna aliyekitaka. Nilipokifungua ikanipanda harufu ya miyaa mikavu na rangi ya kuchovyea, harufu ya chumba nilimowekwa nilipokuwa mwali, na nikajikuta nimejikunyata bila mtu kunigusa. Chini kabisa, kati ya shazia, zile sindano za kushonea mikeka, na vipande vya ukili, palikuwa na waya.

Ulikuwa waya mfupi wa umeme, ganda lake jekundu limepauka likafanana na tofali, umekunjwa mara moja na ncha zote mbili zimemenywa. Mtu mwingine angeutupa. Mimi nilikaa chini, kwa sababu mara ya mwisho kuuona ulikuwa unaingia kwenye mfuko wa shati la mwanamume niliyemchukia kuliko watu wote, nami nilikuwa namchungulia kwenye tundu la ukuta.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Kibiti, ya miti na udongo, nyuma yake mkorosho mkubwa. Baba alikwisha fariki. Mama alirudi kwao deltani, mto unakoingia baharini, akawa anapikia wavuvi wa kamba, nami nikabaki kwa Bibi mzaa baba, chini ya mkono wa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba. Nilipovunja ungo nikatolewa shule nikawekwa ndani, kama walivyowekwa mabinti wa kwetu wote. Ya ndani hayasemwi, nami sitayasema. Nitasema habari ya ukuta tu.

Mahali fulani kati ya mti na mti udongo ulikuwa umebanduka, likabaki tundu la kupenya kidole gumba. Ukiliwekea jicho unaona shina la mkorosho, unaona gari la Baba Mkubwa kuanzia taa za mbele mpaka kioo, na miguu ya anayepita. Hiyo ndiyo iliyokuwa dunia yangu. Na mtu aliyefungiwa na tundu moja hana kazi nyingine ila kushuku. Nilishuku kila kitu. Baba Mkubwa, ambaye hajapata kuninunulia hata kashata, aliniletea viatu. Shangazi walikuwa wakizungumza ukumbini, nikikohoa tu wananyamaza. Kanga mpya zililetwa zikakunjwa haraka nisisome maandishi yake. Bibi, ambaye siku zote aliniita mke mwenza na kunitania kwamba nimemwibia mume, alianza kuniita mwanangu, kwa sauti ya chini, kama anavyoitwa mgonjwa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, na Baba Mkubwa alilipenda kuliko alivyopenda kulala. Lilikuwa la zama za katikati: limekwisha achana na kabureta, lina nozeli na kompyuta yake, lakini moto wa plagi bado unagawiwa na distributa, ambayo fundi akilegeza bolti anaizungusha kwa mkono. Mambo hayo sikuyajua wakati huo. Nilijua tu kwamba limeanza kukohoa, na kwamba Baba Mkubwa kamwita Fundi Kassimu.

Fundi Kassimu alikuwa Mmatumbi, ametoka kwao milimani akahamia Kibiti, mtu mwembamba wa kofia iliyolowa grisi. Kwa Mndengereko kama Baba Mkubwa huyo ni mtani, kwa hiyo hawakuweza kusalimiana bila kutukanana.

"Mtani, gari yako inakohoa kama mzee aliyepaliwa na ugoro."

"Itengeneze, usiitukane. Nyie Wamatumbi mkipewa kazi mnaanza na maneno."

"Na nyie Wandengereko mkipewa gari mnaipakia mpunga mpaka paani, halafu mnashangaa ikikohoa."

Baba Mkubwa alicheka, lakini hakuondoka. Hakuwa mtu wa kuondoka. Mbuzi akifungwa na mtu mwingine, yeye lazima aende kuivuta ile kamba. Akinunua sukari dukani anaipima tena nyumbani kwa kikombe chake. Bibi alikuwa akimsifia mbele ya wageni, "Mwanangu huyu haamini mpaka aone," na yeye akisikia hutanua mabega. Basi alisimama pale pale, kivuli chake kikinizibia nusu ya tundu langu, akatoa amri yake.

"Jumamosi inakwenda Ruaruke. Ijumaa tunamtoa mwali, Jumamosi asubuhi tunampeleka kwa mwenyewe. Watu wazima wamekaa wanatusubiri kule. Gari ikinitia aibu, nitakutafuta mpaka milimani kwenu."

Spana ikatulia. "Mwali yupi?"

"Wa marehemu mdogo wangu. Yupi mwingine?"

"Si yule aliyekuwa akija kwangu gereji na madaftari ya shule, ananiuliza plagi inakula nini?"

"Huyo huyo. Sasa maswali atamuuliza mumewe."

Fundi aliinama akachungulia ndani ya injini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Niletee mkeka. Jua ni kali, taa haitaonekana."

Kumbe ndiyo hivyo. Viatu, kanga, kunong'ona, vyote vikajipanga. Ruaruke kulikuwa na mtu mwenye duka, nilipata kumwona mara moja alipokuja kusalimia, na kichwa chake kilikuwa cheupe kama cha Baba Mkubwa. Nililia bila sauti, maana mwali halii kwa sauti, halafu nikapangusa jicho nikalirudisha tunduni. Kama wananiandalia gari, nilitaka kuona linaandaliwaje.

Bibi alitoa mkeka, wakautandaza juu ya boneti iliyoinuliwa ukawa kama kibanda kilichoachwa wazi upande wangu, na chini yake wakaingia wote wawili. Fundi alipangusa puli, lile gurudumu la chini mbele ya injini linalozungusha mkanda, akalichora mstari mweupe wa chaki. Mimi mistari myeupe nilikuwa nimeiona kwa mtu wa aina moja tu, na huyo hakuwa fundi wa magari. Kisha akafungua kisanduku cheusi kilichobanwa pembeni, chenye kifuniko kama cha kijaluba cha tumbaku, akatoa mfukoni waya mwekundu uliokunjwa, akachomeka ncha moja kwenye tundu hili na ya pili kwenye tundu lile. Alifanya polepole, kwa adabu, kama anayemvisha mtu hirizi.

Injini ikawashwa. Fundi akashika kitu chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye puli, kikaanza kupepesa mwanga. Na gurudumu likasimama.

Nasema nililiona. Mkanda unakimbia, feni inavuma, gari zima linatetemeka, lakini ule mstari mweupe umetulia tuli kama mjusi ukutani.

"Subhanallah," Baba Mkubwa alisema. "Imesimama."

"Haijasimama, mtani. Taa ndiyo inaiwahi. Kila plagi ya kwanza ikipiga cheche, taa inapepesa mara moja, na wewe unauona mstari pale pale ulipofika. Tazama hizi alama kwenye kibati. Mstari ukikaa kwenye hii, cheche inatoka kwa wakati wake. Ikiwahi, injini inagonga. Ikichelewa, injini inachoka na kuchemka." Alizungusha distributa kidogo, nami nikauona mstari ukitembea kama umeitwa, ukarudi. "Hii ndiyo taimingi."

"Na huo waya?"

"Hizi gari zina kompyuta, na kompyuta ni kama wewe, haiwezi kuacha kuingilia. Mimi nazungusha huku, yenyewe inasogeza cheche kule. Waya huu unaiambia ikae kimya mimi nikiongea."

Baba Mkubwa alicheka sana. Alicheka akausahau waya. Lakini alama hakuisahau; aliinama mwenyewe akaitazama, akamwambia fundi azime awashe tena, akaitazama mara ya pili. "Hapo sawa. Mimi mdomo siuamini. Naamini alama."

Maneno ya fundi niliyasikia yote, na sikuamini hata moja. Mstari mweupe, waya mwekundu, taa inayosimamisha kinachozunguka: nilijua ninachokiona. Gari lilikuwa linafungwa kiuganga, likinichukua lisinirudishe. Walipolijaribu barabarani lilirudi likinguruma kwa afya.

Alhamisi fundi alirudi kulikagua kwa mara ya mwisho, akauchomeka tena ule waya. Alasiri ilipoadhiniwa Baba Mkubwa akaenda msikitini, fundi akasema atafuata akishanawa. Hakunawa. Kwanza nikaona miguu ya Bibi.

Bibi hakuwa na desturi ya kusimama na mafundi. Chai huwa anaisukuma kizingitini na kukohoa. Siku ile alikwenda mpaka kwenye gari, kikombe mkononi, akakiweka juu ya bampa. Injini ilikuwa inaunguruma, sikusikia neno. Niliona tu kofia ya fundi ikitikisika, hapana, hapana. Niliona Bibi akiishika mikono yake yote miwili, ile mikono ya grisi, kama mtu anayeomba radhi kwa mkubwa wake, na fundi akijaribu kuitoa asimchafue. Kisha fundi akageuka akautazama ukuta wangu. Nikaruka nyuma kama niliyechomwa.

Niliporudi Bibi hayupo. Fundi alikuwa peke yake chini ya mkeka. Alitazama njia ya msikitini, akachomoa waya, akautia mfukoni, akafunga kijaluba. Ndipo akashika ile taa yake. Mstari haukukaa alipouacha. Ulikuwa umekimbia na unachezacheza. Akalegeza bolti, akazungusha distributa mpaka mstari ukarudi kwenye alama, akakaza. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyebeba gunia.

Baba Mkubwa aliporudi hakuitwa mara mbili. "Njoo uone mwenyewe, mtani," fundi alisema. Baba Mkubwa akaingia chini ya mkeka, akaona mstari umekaa kwenye alama, akampiga fundi begani. "Kumbe hata Mmatumbi akisimamiwa anafanya kazi." Fundi hakurudisha utani. Alifungasha vyombo vyake akaondoka na chai hakuinywa.

Bibi alipoingia na chakula changu nilimwambia. "Bibi, yule fundi kaiba waya wa gari."

Mkono wake ukasimama hewani. "Nani kakwambia?"

"Nimeona."

"Mwali haoni." Aliweka sahani chini, akapapasa ukutani mpaka akalipata tundu, akatoka. Alirudi na udongo uliokandwa maji, akaliziba, akalisawazisha kwa kiganja kama anayepaka mtoto mafuta. "Uliyoyaona umeyaota, mke mwenza. Ukiyasimulia kwa mtu mwingine, umenizika."

Ndipo nikajua wako pamoja. Bibi na fundi. Sikuwa na mtu tena ndani ya nyumba ile.

Ijumaa nilitolewa, ngoma zikapigwa, nikachezwa, nikapongezwa. Sikumbuki mengi, maana nilifunikwa na nilikuwa na hofu. Jumamosi asubuhi nikaketishwa kiti cha nyuma katikati ya Bibi na somo yangu, yaani yule mama aliyepewa kazi ya kunifunda, na shangazi wawili wakajibana mbele kwenye kiti kimoja. Baba Mkubwa alivaa kanzu. Alikuwa amewatangazia watu wa Ruaruke kwamba mwali wake hatafika kwa gari la kukodi.

Barabarani gari lilikwenda vizuri. Tulipoiacha lami tukaingia kwenye mchanga na njia ikaanza kupanda, nikahisi kiti kinalegea chini yangu. Baba Mkubwa alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini mwendo hakuna, kama mtu anayepiga kelele akiwa amekaa. Akabadili gia. Akakanyaga tena. Hewa ndani ikawa ya moto, ikaja harufu tamutamu ya maji ya rejeta, na mvuke ukaifunika boneti. Tukasimama katikati ya mlima mdogo ambao mbuzi huupanda huku wanakula.

Baba Mkubwa alitoka akafungua boneti, akaruka nyuma kwa mvuke. "Taimingi niliiona!" alipiga kelele peke yake. "Niliiona kwa macho yangu!"

Walisubiri ipoe, wakaongeza maji, ikawaka, ikasogea kidogo, ikachemka tena. Jua lilipanda. Mwishowe Baba Mkubwa akaja dirishani. "Tafuteni bodaboda. Somo apande na mwali, sisi tutafuata."

"Mwali hapandi bodaboda," Bibi alisema.

"Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Na hapa tulipofika hatuendi mbele. Mwali aliyekwamishwa njiani anarudishwa ndani, hatoki mpaka mwezi uandame upya. Ukimlazimisha, nuksi inaingia naye kwa mumewe, na kwetu inabaki."

Somo alijikuna shavu chini ya mtandio. "Bi Mkubwa, hiyo mie sijapata kuisikia."

Bibi alimgeukia polepole. "Hujapata kuisikia kwa sababu hujapata kumkwamisha mwali. Mimi ndiye niliyekufunda weye. Nilikufundisha yote?"

Somo akainamisha macho. Baba Mkubwa alitazama gari, akatazama mlima, akamtazama mama yake. Yeye aliyeshuku kamba ya mbuzi hakuthubutu kushuku mila. Trekta la mtu likatuvuta mpaka nyumbani.

Nikarudi ndani. Na kabla mwezi haujaandama, Mama akatokea uani, kanga imefungwa kiunoni, matope ya deltani yamemkaukia mpaka magotini, kaka zake wawili nyuma yake. Alinieleza baadaye kwamba Bibi alimpelekea habari tangu viatu viliponunuliwa, kwa mama mmoja muuza samaki, lakini habari za kule zinakwenda na maji kujaa na kurudi na maji kujaa, na mtumbwi haumsubiri mtu wala mtu hauharakishi. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya mkorosho, mkono umeegemea lile gari, akasema kwa sauti ya kusikika njiani, "Shemeji, mwanangu bado hajaolewa, na haolewi. Nimemfuata." Watu wa Ruaruke nao walikwisha nuna kwa kukalishwa bure na sufuria za pilau, wakatuma neno kwamba wameghairi. Baba Mkubwa alibaki na hasira yake mkononi, hana pa kuiweka.

Akapata pa kuiweka. Gari alilipeleka gereji ya mjini, wakamwambia taimingi imechelewa vibaya. Tangu siku hiyo Fundi Kassimu hakuwa na jina Kibiti. Baba Mkubwa alipita nalo baraza hadi baraza: mwizi, mharibifu, anaharibu makusudi ili aitwe tena. Watu wakaacha kumpelekea magari. Tulisikia amehama, wengine walisema Somanga, wengine mbali zaidi. Sijasikia kwamba alijitetea hata mara moja.

Mama alinichukua deltani. Shule sikurudi. Deltani nako niliondoka mapema, lakini niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe, na miguu hiyo haijatulia mpaka leo. Nimeuza dagaa, nimepika kambi za barabara, nimesafiri na malori mpaka mipakani. Bibi nilimsamehe nilipojua kwamba ndiye aliyemwita Mama. Fundi sikumsamehe; ndiye aliyeandaa gari la kunichukua, na kukwama kwa gari nilikuhesabu bahati tu. Miaka mingi baadaye, katika gereji moja ya Makambako nilikokuwa napika chai na kuuliza maswali, kijana mmoja alikuwa anaweka taimingi kwenye gari la zama zile zile. Nikauona mstari mweupe, nikauona waya. Nikamwuliza, na ukiuchomoa kabla? Akacheka. "Ukiuchomoa kompyuta inarudi kazini, mama. Inaiwahisha cheche yenyewe. Wewe ukirudisha mstari kwenye alama hapo, unaona umeweka sawa, kumbe umeichelewesha. Gari ya kwenda sokoni itakwenda. Ya kupanda mlima imejaa watu, haiendi."

Uganga ukafa siku hiyo kichwani mwangu, lakini shuku haikufa, ilibadili nguo tu. Nikasema Baba Mkubwa alisema kweli: yule mtu alijua anachofanya, aliharibu makusudi apate kuitwa tena. Nikaenda sokoni kwa wauza vyuma chakavu nikanunua taa ya taimingi, sijui ya kazi gani, nikawa natembea nayo kwenye begi kama mtu anayetembea na hoja ambayo hajapata wa kumwambia.

Ile mikono sikuikumbuka. Mikono ya Bibi imeshika mikono ya grisi. Niliikumbuka pale ukumbini, baada ya arobaini, waya ukiwa juu ya paja langu. Fundi hakuuweka kwenye kisanduku cha vyombo vyake. Alimpa Bibi, au Bibi alimnyang'anya asije akabadili nia. Bibi naye hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Na aliuhifadhi mahali ambapo hakuna mwanamume wa kwetu angetia mkono.

Nilitoka nyuma. Mkorosho upo. Gari lipo, limetoboka milango kwa kutu, lakini Baba Mkubwa bado analiendesha, kwa ubishi zaidi kuliko kwa petroli. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzee, fimbo katikati ya magoti.

"Baba Mkubwa, naomba kufungua boneti."

"Unataka nini kwenye gari yangu?"

"Kuangalia tu."

"Hakuna mtu anayeangalia tu." Lakini alinyanyuka akanipa funguo, kisha akaja kusimama nyuma yangu, kama zamani. Nilitandaza mkeka juu ya boneti. Nilipangusa puli, nikachora mstari. Nilipoutoa waya na kuuchomeka kwenye kijaluba, alisogea karibu.

"Huo umeutoa wapi?"

"Kwenye kikapu cha Bibi."

Niliwasha, nikaitoa taa yangu begini nikaielekeza. Mstari ukasimama kwenye alama yake, tuli. "Unauona, Baba Mkubwa?"

"Nauona. Upo mahali pake."

Nikachomoa waya. Mstari ukaondoka, ukaenda pembeni, ukawa unachezacheza kama kuku aliyefukuzwa.

"Umekimbia," alisema.

"Ile Alhamisi, uliporudi kutoka msikitini. Waya ulikuwa ndani?"

Alifikiri. Injini iliunguruma kati yetu. "Kisanduku kilikuwa kimefungwa," alisema. "Niliona mstari umekaa. Niliona kwa macho yangu."

"Mstari ulikaa wapi?"

"Kwenye alama. Sawasawa." Alichukua waya kiganjani mwangu, akauchomeka mwenyewe, akatazama mstari unarudi. Akauchomoa. Ukakimbia. Akauchomeka. Nilingoja akasirike. Nilikuwa tayari kwa hasira.

"Na ile mila ya mwali kurudi ndani mpaka mwezi uandame," aliniuliza bila kuniangalia. "Weye umetembea nchi nyingi. Umepata kuisikia popote?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Popote."

Alinyoosha mkono dirishani akazima injini. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama, na mstari mweupe ukabaki upande wa chini ambako hatukuweza kuuona.

"Yule Mmatumbi nilimtukana mpaka akahama," alisema. "Na alikuwa anasikia, asimtaje mama yangu." Alirudi kwenye kigoda chake, akauweka waya juu ya goti, akaunyoosha, akaukunja tena ulivyokuwa.

"Mama alijua mimi siamini mpaka nione," alisema mwishowe. "Basi akanionyesha."